UZI: Kapteni Mason wa tanka la Ohio na George Cross yake, Malta 1942. Kwanini raia alivaa nishani ya juu kabisa

Mzee wa Gatini (mleta uzi)

Wakuu salaam. Wiki hii humu jukwaani tumekesha na nyuzi za manowari za vita vya pili, Bismarck, Yamato, nani alikuwa na mzinga mkubwa kuliko mwenzie, na watu wamechambua vizuri tu sina neno. Ila sijaona hata mmoja aliyegusa meli za mizigo, na mimi niliyemalizia ujana wangu kwenye tanka za mafuta hilo linaniuma, maana vita ile ilibebwa na mabaharia wa meli za biashara. Hawa ni waajiriwa wa makampuni, hawana cheo cha jeshi, wamesaini mkataba wa kazi kama baharia yeyote anavyosaini leo, halafu wanatakiwa wapite katikati ya nyambizi na mabomu wakiwa na shehena inayowaka. Uingereza peke yake ilipoteza zaidi ya 30,000 wa namna hiyo kati ya 1939 na 1945, na wengi hawana kaburi.

Nawaletea nahodha mmoja tu, Dudley William Mason, mtu wa Surrey, alizaliwa Oktoba 1901. Nishani yake ni George Cross. Na nataka tuijadili nishani yenyewe sio ujasiri peke yake, kwasababu ukijua kanuni ya nishani unajua serikali ilikuwa inamhesabu yule nahodha kama nani.

Kwanza hali ya Malta. Ni kisiwa kidogo, kilomita 90 na kitu kusini mwa Sicily, wakati ule koloni la Muingereza, na ndege zake na nyambizi zake zilikuwa zinazamisha meli za Mtaliano na Mjerumani zinazompelekea Rommel, jenerali wa Mjerumani, vifaa Libya. Kwaiyo wakaamua kukibomoa kwa mabomu na kukifungia chakula. Aprili 15, 1942 mfalme George wa Sita akakipa kisiwa kizima George Cross, ndo ile alama mpaka leo ipo kwenye bendera ya Malta kona ya juu. Nishani haishibishi mtu. Kufika Agosti watu wanapikiwa kwenye majiko ya pamoja kwa kadi, na mafuta ya taa, ambayo ndo nishati ya jikoni kule, yamekaribia kuisha. Mwezi Juni walijaribu kupitisha tanka la Kentucky kwenye msafara, likazama na mafuta yake. Magavana na majenerali walikuwa wanajua tarehe ya kusalimu amri ni mapema Septemba kama hakitafika kitu.

Hapo ndo ikapangwa Operesheni Pedestal. Meli za mizigo 14, zinasindikizwa na manowari zaidi ya 40 zikiwemo zile kubwa Nelson na Rodney na nne za kubeba ndege. Kati ya hizo 14 tanka ni moja tu, Ohio. Lilijengwa Marekani kwenye karakana ya Sun Shipbuilding, Chester, Pennsylvania, 1940, mali ya Texaco, Waingereza wakaliomba wakaliwekea wafanyakazi wao chini ya kampuni ya Eagle Oil, na Mason akapewa ukapteni akiwa na miaka 40. Shehena ni karibu tani 11,500 za mafuta ya taa, dizeli na mafuta mazito. Meli nyingine zote zikifika halafu hii isifike, kisiwa kina unga na risasi lakini hakina cha kuwashia, na adui alijua hivyo, kwaiyo tanka ndo lilikuwa linatafutwa.

Ngoja niendelee post inayofuata, hii imekuwa ndefu.

Mzee wa Gatini (mleta uzi)

Naendelea. Usiku wa kuamkia Agosti 10 msafara umepita Gibraltar. Tarehe 11 mchana nyambizi ya Mjerumani U-73 ikaipiga manowari ya kubeba ndege Eagle kwa topido nne, ikazama kama dakika nane tu, watu kwenye meli za mizigo wanaangalia kwa macho.

Tarehe 12 jioni manowari kubwa zikageuka kurudi kama mpango ulivyokuwa, maana mlango wa Sicily ni mwembamba. Muda si muda nyambizi ya Kitaliano Axum ikafyatua topido zikapiga meli tatu kwa mkupuo mmoja: kruza (manowari ya ukubwa wa kati) Nigeria, kruza Cairo, na Ohio. Cairo ikazama, Nigeria ikageuzwa. Ohio ilipigwa ubavuni kwenye chumba cha pampu, deki ikachanika, moto ukawaka. Wakauzima. Usukani wa mbele ukafa wakawa wanaendesha kutoka tezi, dira imeharibika, kwaiyo usiku ule wakafuata taa ya destroya (manowari ndogo ya kusindikiza) Ledbury iliyokuwa mbele yao.

Hapa nataka niseme kitu cha kazi kidogo kwa wasiojua tanka. Watu wanashangaa meli yenye tundu ambalo lori linapita inaelea vipi. Tanka limegawanywa matangi mengi ndani, kila tangi na kuta zake, na Ohio mwili wake ulichomelewa kwa wingi badala ya kupigwa ripiti (misumari ya chuma) tu, kwaiyo ulikuwa mgumu. Na mafuta ni mepesi kuliko maji. Tangi likipasuka maji ya bahari yanaingia kwa chini lakini mafuta yanabaki juu yake, haizami upesi kama meli ya mzigo mkavu ambayo hodi yake, yaani chumba cha mzigo, ikijaa maji imeisha. Tatizo lako sasa ni moto, na mgongo wa meli kukatika. Nahodha anayejua hivi anajua bado ana meli hata kama macho yanamwambia haipo.

Tarehe 13 asubuhi meli ya mizigo Waimarama, iliyokuwa na petroli kwenye deki, ikalipuka karibu yao, bahari nzima ikawaka, na Ledbury ikaingia kwenye ule moto kuokoa watu. Halafu ndege zikamgeukia Ohio. Stuka moja, ndege ya Mjerumani ya kudondosha mabomu, ilidunguliwa ikapiga maji ikadunda ikaangukia juu ya deki yake. Mabomu yakawa yanapiga pembeni kwa pembeni yanainua meli nzima, mpaka mtikisiko ukazima moto wa boila, umeme ukakata, injini zikasimama. Meli imekufa katikati ya bahari na ndege bado zinakuja.

Destroya Penn ikajaribu kuivuta, kamba ikakatika, meli inazunguka kushoto kwasababu chuma kilichochanika ubavuni kimekuwa kama usukani wa pili. Mason akawatoa watu wake, wakarudi, bomu likaingia chumba cha injini, wakatoka tena, wakarudi tena. Nasisitiza hapa maana ndo kiini: kuiacha meli inayozama ni amri halali kabisa ya nahodha na hakuna mahakama ingemhukumu. Yeye aliwatoa watu kuwanusuru, halafu alipoona bado inaelea akarudi nao.

Mwisho wakapata njia. Destroya Penn upande mmoja, Bramham upande wa pili, wakajifunga ubavuni kwa kamba nene, Ohio katikati kama mgonjwa anayeshikwa makwapani, Ledbury na meli ya kutegua mabomu Rye zikasaidia kuvuta na kurekebisha mwelekeo. Deki ya katikati karibu iwe sawa na maji. Agosti 15 asubuhi wakaingia bandari kuu ya Valletta, na siku hiyo ni sikukuu ya Santa Marija, kwaiyo kisiwa kizima kilikuwa kwenye kuta za ngome kinapiga kelele. Mpaka leo Malta wanauita msafara wa Santa Marija.

Kati ya meli 14 zilifika tano: Port Chalmers, Rochester Castle, Melbourne Star, Brisbane Star na Ohio. Wakanyonya mafuta haraka kuyahamishia meli nyingine, na kadri yalivyokuwa yanatoka ndo tanka linakaa chini, mpaka likalala kwenye sakafu ya bandari. Septemba hiyohiyo gazeti la serikali la London likatangaza: George Cross kwa Kapteni Mason.

Dogo wa Mbezi

Mkuu hii madini. Swali langu ni moja tu. Nishani ya ujasiri ya juu kabisa ya Muingereza si ni Victoria Cross? Sasa mtu kapigwa topido, kadondokewa na ndege ya adui kwenye deki, kapigwa mabomu siku mbili, adui alikuwepo tena kwa wingi, kwanini asipewe VC?

Mzee wa Gatini (mleta uzi)

Dogo umegonga palepale. George Cross ilianzishwa Septemba 1940 wakati London inapigwa mabomu, watu wanaotegua mabomu na kuchimbua wenzao kwenye vifusi ni raia, VC haiwahusu. Kanuni yake inasema wazi imekusudiwa hasa raia, na wanajeshi wapewe kwa matendo ambayo nishani za kijeshi kwa kawaida hazitolewi. Kwa hadhi GC na VC zinahesabiwa sawa, ila mtu akivaa zote VC inatangulia. Yenyewe ni msalaba wa fedha, utepe wa bluu iliyokoza, katikati kuna mtakatifu George anaua joka na maneno kwa ajili ya ujasiri, jina la mhusika linachongwa nyuma.

Kwaiyo Mason alipewa ya juu kabisa inayomhusu mtu kama yeye. Hakupunjwa. Lakini angalia maana yake: alifanya kazi ya vita, katikati ya vita, mbele ya adui, na karatasi ikaendelea kumuita raia.

Sasa linganisha na vita vya kwanza. Mabaharia wa meli za biashara waliopata VC vita ile ni wawili tu, wote manahodha, wote marehemu. Wa kwanza Frederick Parslow wa Anglo-Californian, Julai 1915, amebeba farasi kutoka Canada, hana hata bunduki, nyambizi inampiga risasi na mizinga anazungusha meli isipate shabaha mpaka akafa pale pale kwenye daraja la meli, mwanae akashika usukani akiwa amelala chini na meli ikafika Ireland. Wa pili Archibald Bisset Smith wa Otaki, Machi 1917, mzinga mmoja tu nyuma ya meli, kakutana na Möwe, meli ya Mjerumani iliyojifanya ya mizigo kumbe ina mizinga kibao, akapigana nayo mpaka akaitia moto, yeye akazama na meli yake.

VC zao zilitangazwa 1919. Na ili kanuni itimie ilibidi wapewe cheo cha luteni wa akiba wa jeshi la majini BAADA ya kufa. Yaani mtu amekufa akiwa mfanyakazi wa kampuni, miaka miwili mpaka minne baadae ndo anaandikishwa jeshini ili aruhusiwe kuwa shujaa. Mimi nikisoma hiyo nachukia. Familia ilistahili ile nishani bila kumbadilisha marehemu kazi yake.

Chuma cha Karakana

Naheshimu sana huu uzi ila kuna kitu nataka nikiseme kama mtu wa injini. Siku zote nishani anapewa nahodha. Nahodha yuko juu anaona bomu linakuja anaweza hata kuinama. Aliyeko chini kwenye boila haoni kitu, anasikia tu ngoma zinapigwa nje ya bati, na topido ikija inakuja kwake maana adui analenga injini. Boila zilizimika zikawashwa, nani aliziwasha? Tanka lisingefika bila watu wa chini. Huyo Mason peke yake asingeweza hata kugeuza pampu.

Mzee wa Gatini (mleta uzi)

Fundi una haki na sitakupinga. Kwenye Ohio angalau walijitahidi. Fundi mkuu wa injini, James Wyld, alipewa DSO, ambayo wakati ule ilikuwa nishani ya maofisa wa jeshi, na kwa fundi wa meli ya biashara ilikuwa kitu cha nadra mno. Manahodha wenzake Mason wa zile meli nne zilizofika pia walipewa DSO. Na chini yao maofisa na mabaharia wa Ohio kadhaa walipata DSC na DSM. DSC ya maofisa, DSM ya mabaharia wa kawaida, ujasiri ni uleule deki ni ileile, medali inatofautiana kwa cheo. Ndo ulivyokuwa mfumo wao na mimi siutetei.

Kuna wengine wawili wasisahaulike. Santa Elisa ilikuwa meli ya Marekani kwenye msafara uleule ikazamishwa tarehe 13. Waliookolewa wangeweza kukaa chini ya deki ya manowari wakanywa chai, hakuna aliyewadai kitu. Kijana Francis Dales aliyekuwa bado mwanafunzi wa ubaharia, na ofisa wa tatu Frederick Larsen, wakajitolea kupanda Ohio wakakarabati mzinga wa kutungulia ndege wakaushika wao. Serikali yao ikawapa nishani ya juu kabisa ya mabaharia wa biashara wa Marekani. Angalia Wamarekani hapo, walitengeneza nishani maalum kwa baharia wa biashara kama baharia wa biashara, hawakumtafutia sehemu kwenye kabati la mwingine. Mimi napenda hivyo.

Ila fundi nikuulize na wewe: ukiwa chini, meli imepigwa, nani anakuamulia utoke au ubaki? Ni sauti ya yule wa juu. Akichelewa unafia kule. Akiwahi sana meli inapotea na shehena. Maandishi ya nishani ya Mason yalisema ni uthabiti wake uliofikisha meli na shehena yake Malta ikafungwa salama. Uthabiti. Kwenye nishani, kwa maoni yangu, nahodha analipwa kwa uamuzi, mafundi na mabaharia wanalipwa kwa mikono, na mikono ilikuwa mingi nishani chache.

Chuma cha Karakana

Hapo kwenye kuamua nimekuelewa. Nimewahi kuwa chini tukisubiri neno la kutoka na lile neno lilichelewa. Sina la kuongeza.

Mwanahoja

Samahani wakuu, sisi vita vya wazungu vinatuhusu nini? Malta wapi Tandahimba wapi. Babu zetu walibebeshwa vita isiyo yao halafu tunakaa kushangilia medali za mfalme.

Bint Mvita

Mwanahoja kaka yangu, swali lako ni la haki na nalijibu kwa heshima. Mimi ni mtu wa Mombasa na hadithi hii kwetu imeanzia Kilindini.

Mwaka huohuo 1942 meli za vita za Muingereza za Bahari ya Hindi zilihamia Kilindini baada ya Mjapani kupiga Colombo. Bandari ilikuwa imejaa. Mapema Februari 1944 ikatoka pale Khedive Ismail, meli ya abiria iliyogeuzwa kubeba askari, kwenye msafara wa kwenda Colombo. Ndani yake watu zaidi ya 1,500, na karibu 1,000 walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, vijana wetu hawa wa Kenya, Uganda, Tanganyika, pamoja na manesi na wanajeshi wengine. Februari 12 karibu na visiwa vya Maldives nyambizi ya Kijapani I-27 ikaipiga topido mbili. Ilizama chini ya dakika mbili. Dakika mbili na vijana wengi walikuwa chini ya deki. Walikufa 1,297. Destroya Petard na Paladin zilizokuwa zinasindikiza ziliizamisha ile nyambizi siku hiyohiyo.

Sasa hapo hakuna nahodha aliyepata muda wa kuonyesha uthabiti wa siku tatu. Kapteni alikufa na meli yake. Ujasiri ule hauna nafasi hata ya kuandikwa. Kwaiyo mimi nikisoma habari ya Mason simshangilii mfalme, nawaza kwamba meli ile ya mafuta na meli ile iliyotoka kwetu zilikuwa kazi moja, bahari moja, na moja ilipata siku tatu nyingine ikapata dakika mbili. Vita hatukuviita sisi, kweli. Lakini wafu ni wetu, tena wengine majina yao tunaweza kuyasoma.

Mwanahoja

Bint Mvita ahsante. Hili la Khedive Ismail sikuwahi kulisikia shuleni hata siku moja, na tumesoma Bismarck na Hitler miaka yote. Kumbe meli imetoka Kilindini. Nimeelewa na nafuatilia uzi.

Mjukuu wa Askari

Shikamooni wakubwa. Uzi huu umenigusa kwasababu nyumbani kwetu Songea kuna nyota moja ya shaba na utepe umechakaa, bluu pembeni nyekundu katikati na michirizi ya rangi ya chungwa, babu alirudi nayo kutoka Burma. Nimeigeuza nyuma haina jina wala namba. Kuna mtu aliniambia isiyo na jina ni feki. Naomba kujua.

Mzee wa Gatini (mleta uzi)

Marhaba mjukuu. Sio feki kwa sababu hiyo. Nyota za Uingereza za vita vya pili zilitolewa bila jina, kwa mkubwa na mdogo, tofauti na nishani za ujasiri kama GC ambazo zinachongwa. Hiyo ya babu kwa maelezo yako ni Nyota ya Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana kule 1944, bonde la Kabaw, kwenye mvua na malaria, na walistahili hiyo nyota kila mmoja. Itunzeni, msiisugue kwa majivu wala limao.

Na hizi nyota ndo zilizotolewa pia kwa mabaharia wa biashara, wacha nizieleze kidogo maana watu wanachanganya nyota na nishani ya ujasiri. Nyota unapewa kwa kuwepo. Ile ya 1939 hadi 1945 utepe wake una rangi tatu, bluu iliyokoza, nyekundu, na bluu ya mbingu. Nyekundu ni majeshi ya nchi kavu, bluu ya mbingu ni anga, na ile bluu iliyokoza inasimama kwa jeshi la majini pamoja na meli za biashara. Kwenye utepe waliwekwa rangi moja. Baharia wa biashara alitakiwa awe na miezi sita ya kazi na angalau safari moja kwenye eneo la hatari. Akishaipata hiyo ndo anahesabiwa Nyota ya Atlantiki, utepe wa bluu, nyeupe na kijani ya bahari.

Kwenye utepe rangi moja, lakini kwenye maisha hapana. Mpaka Mei 1941 baharia wa biashara meli yake ikizama mshahara wake unakoma siku hiyo. Uko kwenye boti la kuokolea unapigwa na baridi na huku kampuni imeshakutoa kwenye hesabu. Askari wa majini aliyeko kwenye boti la jirani mshahara wake unaendelea. Hao wa biashara wakiwa mitaani nchini kwao wamevaa nguo za kawaida watu wanawatukana kwamba wamekwepa jeshi, mpaka wakatengenezewa kibeji cha fedha cha herufi MN (Merchant Navy, yaani meli za biashara) cha kubana kwenye koti. Na vita vilipoisha nyota hazikuwafuata nyumbani, ilibidi mwenyewe aombe. Baharia aliyeshatoka kazini, hana anuani ya kudumu, wengine hawajui kuandika barua ya namna hiyo, wangapi wataomba? Wengi hawakuomba kabisa. Wajukuu ndo wanaomba sasa hivi. Waliopeleka mizigo Urusi kwa njia ya kaskazini kwenye barafu walisubiri nyota yao wenyewe mpaka 2013, karibu miaka sabini baada ya vita, wengi wamekufa zamani.

Kwaiyo unaona Mason na GC yake ni mmoja aliyeonekana. Mimi nafurahi alionekana, simpunguzii hata chembe. Lakini nahodha wa tanka lililozama Atlantiki usiku peke yake, bila msafara, bila shahidi, huyo nishani ya ujasiri hapati maana nishani inataka mtu wa kuandika alichokiona.

Dogo wa Mbezi

Na tanka lenyewe lilienda wapi? Lilirekebishwa?

Mzee wa Gatini (mleta uzi)

Halikurekebishwa. Mgongo ulikatika likawa vipande viwili, wakalitumia hapohapo Malta kama ghala na mahali pa kulala wanajeshi, halafu 1946 wakavivuta vile vipande viwili nje ya bandari wakavizamisha wenyewe. Ubao wenye jina la Ohio upo kwenye makumbusho ya vita ya Malta, ngome ya St Elmo, jengo lilelile ilipo George Cross ya kisiwa. Mason mwenyewe alifariki Aprili 1987.

Mjukuu wa Askari

Ahsante sana mzee. Swali la mwisho. Babu alikuwa na kaka yake aliyekwenda na mizinga na hakurudi, nyumbani wanasema tu alipotea baharini. Baada ya kusoma alichoandika dada Bint Mvita nimeshtuka. Nitaanzia wapi kutafuta?

Bint Mvita

Mjukuu, anza bure kabisa. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha yake mtandaoni, unaandika jina unachagua vita vya pili, kwenye sehemu ya kikosi weka East African Artillery, kwenye tarehe weka Februari 12, 1944. Majina yetu waliyaandika wanavyosikia wao, kwaiyo jaribu tahajia tofauti, L na R wabadilishane, jina la baba liwe la kwanza, hata namba ya jeshi kama kuna karatasi yoyote ndani. Waliopotea na Khedive Ismail wa kikosi kile wamekumbukwa kwenye mnara wa Afrika Mashariki ulio ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong. Ukilipata jina, orodha itakuambia liko sehemu gani ya mnara.

Mzee wa Gatini (mleta uzi)

Na mwenye babu aliyekuwa baharia wa meli za biashara za Muingereza, sio askari, hizo kumbukumbu za nyota ziko hifadhi ya taifa ya Uingereza pale Kew, faili za BT 395, ndo orodha ya mabaharia wa biashara walioomba wakapewa medali. Asipokuwepo humo usikate tamaa, maana yake hakuomba, sio kwamba hakwenda. Mjukuu ukipata jina la kaka yake babu lilete hapahapa kwenye uzi pamoja na kijiji, tusaidiane kulinganisha tahajia.